Ofisi ya umma imekukwaza Dodoma: lalamiko ulipeleke mlango upi?

Ukisimama kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi za serikali hapa Dodoma, utakutana na barua ya malalamiko ambayo orodha ya nakala ni ndefu kuliko barua yenyewe. Juu kaandikiwa mkurugenzi. Chini, kwenye "Nakala", wamepangwa mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, mbunge, TAKUKURU, Tume ya Haki za Binadamu, Waziri wa Ardhi na Ikulu Chamwino. Aliyeiandika haamini tena ofisi hata moja, kwa hiyo ameamua kuziandikia zote. Kinachofuata ni kwamba kila mpokeaji akiona majina ya wenzake, anajiambia kuna mwingine anayelishughulikia. Barua inalala kwenye mafaili manane badala ya moja.

Kwamba imani imepungua, sidhani kama kuna wa kubisha. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya viti, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya kura. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa nje ya kinyang'anyiro na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Yaliyofuata mnajua: maandamano, vifo, intaneti kuzimwa. Leo ndugu wawili waliolelewa nyumba moja wanaisimulia wiki ile kama vile kila mmoja alikuwa nchi yake.

Mjadala huo una mahali pake. Hapa nashughulika na swali dogo zaidi, la mtu ambaye kiwanja chake kimemegwa, au mchango wa zahanati haujulikani uliishia wapi, au mtendaji hatii saini mpaka apewe ya chai. Lalamiko anampelekea nani, wakati kila aliyekaa nyuma ya meza anaonekana ni mtu wa kambi fulani?

Na kambi za Dodoma zina sura yake. Huku mpasuko unaomgusa mwananchi kila siku mara nyingi hauko kati ya chama tawala na upinzani. Uko ndani ya chama kimoja, kati ya wapambe wa huyu na wapambe wa yule, tangu kura za maoni. Unaweza kuwa na kadi ya kijani mfukoni na bado ukaambiwa "njoo kesho" mwezi mzima kwa sababu ulionekana kwenye gari la mgombea aliyeshindwa.

Vigezo: uliza maswali haya kwa kila mlango

La kwanza, nani alimweka anayekusikiliza, na nani anaweza kumwondoa? Swali hili lina faida kuliko kuuliza kama ni mtu mzuri. La pili, ana uwezo wa kuamua au anapendekeza tu? La tatu ni muda na fedha. La nne, jina lako litajulikana? La tano ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine: je, utaondoka na karatasi? Jibu la mdomo halikatiwi rufaa.

Kabla ya mlango wowote, tafuta nyaraka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 30. Andika barua fupi ya kuomba kitu kimoja mahususi, mfano muhtasari wa kikao au taarifa ya mapato na matumizi, upeleke nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri ule utakuwa ushahidi kwenye milango yote mitano inayofuata, hata kama barua yenyewe haitajibiwa.

1. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa

Kwa anayeishi Bahi, Chamwino, Kongwa au Chemba, huu ndio mlango wa karibu. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kadi ya chama haiulizwi. Kisheria unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na ndio unaochagua halmashauri ya kijiji na wenye uwezo wa kuiondoa. Kwenye ardhi una meno zaidi: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Mgeni akija na karatasi ya kuuziwa ekari mia na hakuna muhtasari wa mkutano mkuu, pazuri pa kumhoji ni hapo hapo, chini ya mkwaju, mbele ya watu wote.

Ubovu wake mkubwa uko kwenye ajenda. Mwenyekiti na mtendaji ndio wanaoipanga, na lalamiko lisilopendwa linawekwa kwenye "Mengineyo". Mikutano ya vijijini inaanza kwa kuchelewa; ikifika Mengineyo jua limeshakuwa kali, akina mama wameondoka kwenda kupika, na waliobaki ni wale waliokuja na mwenyekiti. Kwa hiyo omba mapema, kwa maandishi, suala lako liwe ajenda inayojitegemea. Na muhtasari ukisomwa mkutano unaofuata, sikiliza kama lilivyoandikwa ndivyo lilivyosemwa.

Nani anamwajibisha nani? Mwenyekiti anachaguliwa na wanakijiji, lakini nchi hii haina mgombea binafsi, kwa hiyo amepitia chama. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya: mkutano unaweza kumkataa na kupeleka azimio kwa mkurugenzi, ila kumfukuza hauwezi. Gharama hakuna. Usiri hakuna pia, unasimama na unaonekana, na kesho mtakutana kisimani.

Ukiwa ndani ya Jiji la Dodoma hesabu inabadilika. Mtaa hauna mamlaka ya ardhi kama kijiji. Mwenyekiti wa Nkuhungu au Ipagala atakugongea muhuri kwenye barua ya utambulisho, lakini viwanja viko jijini.

Unafaa kwa jambo linalowagusa wengi: michango, malisho, eneo la shule, mapato na matumizi yasiyosomwa. Haufai kwa mtu aliye peke yake dhidi ya kijiji kizima.

2. Diwani na mbunge

Hawa mliwapigia kura, au angalau walipigiwa. Diwani anaingia kwenye baraza la madiwani, ambalo vikao vyake viko wazi kwa wananchi, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo. Wanaweza kuhoji, kuunda kamati, kukataa taarifa. Lakini mkurugenzi wa halmashauri ameteuliwa na Rais, na baraza haliwezi kumfukuza kazi. Nguvu yao, kwa hiyo, ni ya kelele na ya bajeti. Si haba, barabara na visima vingi hupatikana kwa njia hiyo.

Hapa ndipo kambi zinapouma zaidi. Diwani anakumbuka nani alikuwa upande gani. Ukijulikana ni wa upande wa pili, usiende peke yako: nenda na majirani wa pande zote, mkiwa na barua moja iliyosainiwa. Si rahisi akuone wewe ni mpinzani wake ukiwa umekaa na mjumbe wa shina aliyempigia kampeni.

Bunge lenyewe liko hapa mjini, na baadhi ya watu hudhani ukaribu huo una faida. Hauna sana. Wakati wa kikao cha bajeti, Aprili hadi Juni, mbunge wa Kigoma na wa Dodoma wote wanashinda ukumbini. Na chombo hicho kimewahi kuonyesha kwamba nacho huumia kikiguswa: mwaka 2019, chini ya Spika Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, Bunge liliazimia kutofanya kazi na aliyekuwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema Bunge ni dhaifu. Mkaguzi na Bunge, ambao Katiba inawataka washike kamba moja, wakavutana hadharani. Hata hivyo ripoti za CAG za serikali za mitaa zinaendelea kutoka kila mwaka, kwa kawaida zikifikishwa bungeni mwezi Aprili. Ukikuta halmashauri yako imetajwa kwa jambo unalolalamikia, taja ukurasa kwenye barua yako. Diwani atakusikiliza tofauti.

Gharama ni nauli. Muda hautabiriki, kwani jambo likiwa dogo linaisha kwa simu moja, likiwa kubwa linasubiri msimu wa uchaguzi. Jibu la maandishi ni nadra. Mlango huu ni wa anayehitaji huduma iletwe. Anayehitaji haki yake irudishwe atachelewa hapa.

3. Mkuu wa wilaya au wa mkoa

Mlango huu unapendwa, na ninaelewa kwa nini. Siku ya kusikiliza kero, mama aliyezungushwa miaka miwili anapewa kipaza sauti, mkurugenzi na afisa ardhi wamesimama pale pale, na swali linaulizwa mbele ya watu: "Afisa, faili la huyu mama liko wapi?" Ndani ya dakika kumi faili linapatikana. Hakuna ofisi nyingine nchini inayoweza kufanya hivyo. Ukiwa na kero ya uzembe tu, mtu amekalia karatasi yako, huu ndio mlango wa haraka kuliko yote.

Shida inaanza pale kero inapokuwa mgogoro, yaani kuna mtu mwingine upande wa pili naye anadai haki. Mkuu wa wilaya si hakimu. Akitoa agizo jukwaani kwamba shamba lirudi kwa fulani, linapigiwa makofi, lakini aliyepoteza anaweza kwenda mahakamani, na huko agizo lile halina hadhi ya hukumu. Wewe uliyeshangilia unajikuta umeshaanza kujenga. Matokeo yake unapambana na kesi ukiwa na msingi wa nyumba uliokugharimu akiba yote.

Nani alimweka? Rais, na ndiye anayemwondoa, mara nyingi kwa mkeka mmoja wa usiku, yaani orodha ya teuzi, na aliyekuja hafungwi na ahadi za aliyeondoka. Tena si mtu wa serikali tu: kwa nafasi yake anaingia kwenye kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Kwa mwananchi ambaye lalamiko lake linamgusa kigogo wa chama, hilo ni la kuzingatia mapema. Lingine ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayowapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48 pale usalama unapohatarishwa. Uwezo huo umewahi kulalamikiwa sana kwa kutumiwa hata kwa watumishi waliochelewa kikao. Sikutishi; nakuambia uzungumze kwa adabu na ushikilie nyaraka zako.

Gharama hakuna, usiri hakuna, karatasi hakuna, isipokuwa uiombe. Iombe. Agizo likitolewa, andika kesho yake barua ya kukumbushia: "Kufuatia agizo lako la tarehe fulani mbele ya mkutano wa hadhara..." na uigonge muhuri masjala. Hapo angalau aliyehama atakuwa ameacha kitu.

4. TAKUKURU na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Nimeviweka pamoja kwa sababu watu huvichanganya. Vyote ni vyombo vya uchunguzi, vyote makao yake makuu yako Dodoma, vyote havikutozi hata senti. Zaidi ya hapo vinatofautiana.

TAKUKURU, kwa Sheria Na. 11 ya 2007, inahusika na rushwa. Afisa akikuomba hongo, hapo ndipo, na mapema: kabla hujatoa, maana uchunguzi wa mtego unahitaji fedha iwe bado mkononi mwako. Namba 113 ni ya bure. Ukitaka jina lako lifichwe inawezekana, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ilitungwa kwa ajili hiyo. Lakini ukiripoti bila jina, usitarajie mrejesho. Makosa ya kutoa na kupokea hongo inaweza kuyapeleka mahakamani yenyewe. Mengi ya yale makubwa yanahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Na kitu ambacho haifanyi ni kukurudishia kiwanja. Mla rushwa anaweza kufungwa na wewe ukabaki bila hati.

Tume ina historia ya kuvutia. Mama yake ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966, miongoni mwa vyombo vya mwanzo vya aina hiyo Afrika. Ilipendekezwa na tume ile ile iliyoandaa mfumo wa chama kimoja: waliona kwamba chama kikibaki kimoja, lazima pawepo mahali mwananchi anaweza kumshtaki mkubwa bila kuonekana msaliti. Wazo hilo halijazeeka hata kidogo. Tume ya sasa imo kwenye Katiba, Ibara ya 129, na sheria yake ni Na. 7 ya 2001. Inapokea malalamiko ya uonevu wa ofisi, ucheleweshaji, matumizi mabaya ya madaraka, polisi kuzidisha nguvu. Inaweza kuwaita watendaji na kudai mafaili ambayo wewe hutapewa.

Udhaifu wake ni kwamba inapendekeza. Kisa cha Nyamuma, wilayani Serengeti, kinaeleza kila kitu. Wanakijiji waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001, Tume ikachunguza, na mwaka 2004 ikawaona wana haki na kupendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa. Ikabidi suala liende mahakamani, kwa miaka. Wajumbe wake wanateuliwa na Rais kupitia kamati ya uteuzi, na Rais mwenyewe haichunguzi.

Muda: mrefu, hesabu kwa miezi na wakati mwingine miaka. Karatasi: ndiyo, na hapa ndipo Tume inapostahili heshima, kwani taarifa yake ya uchunguzi ni nyaraka nzito kuliko barua yoyote utakayojiandikia. Kuna sharti moja ambalo wengi huligundua wamechelewa: Tume haishughulikii suala lililoko mahakamani. Ukifungua kesi, umeufunga mlango huu. Kwa upande wa pili, kusubiri Tume hakusimamishi siku za mahakama kuhesabiwa. Fikiria mpangilio kabla hujagonga popote.

Mfumo wa e-Mrejesho, unaofikiwa mtandaoni au kwa *152*00#, uko karibu na kundi hili. Ni mzuri kwa malalamiko ya huduma na unakupa kumbukumbu ya kufuatilia. Kwa mgogoro wa ardhi ni mwanzo tu.

5. Mabaraza ya ardhi na mahakama

Watu huikwepa mahakama kwa sababu ya gharama na miaka. Wana sababu. Hata hivyo kwenye vigezo vyangu viwili vya kwanza inasimama tofauti na wengine wote. Jaji naye anateuliwa na Rais, lakini kumwondoa kunahitaji tume ya majaji ichunguze kwanza. Hawezi kuondolewa kwa mkeka. Na anaamua, hapendekezi. Kwenye karatasi hana mshindani: hukumu inaandikwa, inatoa sababu, inakatiwa rufaa.

Kwa ardhi kati ya wananchi, njia inaanzia chini. Baraza la kijiji lina wajumbe saba na linasuluhisha. Baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021, nalo linasuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na wengi husimama. Rufaa ni Mahakama Kuu.

Ukimshtaki jirani, ni hivyo. Ukiishtaki halmashauri au Serikali, ni kitu kingine kabisa, na hapa Dodoma kesi za namna hii zina chimbuko lake. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanza mwaka 1973 pamoja na uamuzi wa kuhamia Dodoma, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji. Hati za miaka 33 zilitakiwa kubadilishwa ziwe za 99, mafaili yakahama, wizara zikahamia, bei ya kiwanja Mtumba na Ihumwa ikapanda kuliko mtu alivyowahi kuota. Kiwanja kimoja kuwa na barua mbili za umiliki si habari ya kushangaza mjini hapa. Anayetaka kuishtaki mamlaka kwa hilo lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Kisha, tangu mabadiliko ya 2020, lazima amwunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hata kama anayemlalamikia ni halmashauri, na kesi iwe Mahakama Kuu. Kesi nyingi hutupwa hapo, kabla hata ya kusikilizwa, kwa kukosa jina moja au siku chache za notisi. Katiba, Ibara ya 107A, inasema haki isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwananchi aliyetupiwa kesi yake nje anaisoma ibara hiyo akitabasamu kwa uchungu.

Kama unachopinga ni uamuzi wa ofisi, mfano leseni kufutwa, kuvuliwa uongozi au amri ya bomoabomoa, kuna njia ya kuiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi huo. Ukomo wake ni miezi sita tangu uamuzi utolewe. Miezi sita ni michache sana kwa mtu ambaye mitano ameimalizia kwenye foleni ya mkuu wa wilaya.

Fedha: wakili ni ghali. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bure, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani. Msaidizi wa kisheria hatakusimamia Mahakama Kuu, ila anaweza kukusaidia kuandaa notisi, na hiyo peke yake ni nusu ya safari. Usiri hakuna, jina lako liko kwenye jalada. Ila ukiwa na jalada, si rahisi mtu kukuonea kimya kimya.

Na kulirusha mtandaoni?

Video ya dakika mbili huamsha ofisi kuliko barua ya kurasa sita, sibishi. Lakini ikiwa na jina la mtu na tuhuma usiyoweza kuithibitisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu, na mlalamikaji anageuka mshtakiwa. Halafu, mjini kwetu, suala likishafika kwenye magrupu ya WhatsApp linapewa kambi ndani ya saa moja: "huyu katumwa na fulani." Baada ya hapo hata aliyekuwa tayari kukusaidia anaogopa kuonekana.

Kwa hali yako

Karatasi yako imekaliwa na hakuna anayebishana nawe: siku ya kero ya mkuu wa wilaya, au e-Mrejesho kama hutaki kusimama mbele za watu. Barua ya kukumbushia isikosekane.

Umeombwa hongo: 113, kabla hujatoa. Usianze na diwani, habari itamfikia muhusika.

Fedha za kijiji au ardhi ya kijiji: mkutano mkuu, suala likiwa ajenda yake, na wenzako wakiwa wamejipanga kubaki mpaka mwisho. Mkutano usipoitishwa kwa zaidi ya miezi mitatu, mwandikieni mkurugenzi kwa pamoja, nakala kwa mkuu wa wilaya. Nakala moja inatosha.

Umeonewa na ofisi yenye nguvu, huna fedha ya wakili, na muda si tatizo: Tume. Peleka tarehe, majina na nyaraka. Hotuba ya siasa iache nyumbani. Ukiwa mfuasi wa upinzani na unaamini ndiyo sababu ya kuonewa, liseme kwa ushahidi wa nani mwingine alitendewa tofauti katika jambo lile lile.

Kiwanja kinagombewa na wewe na mtu mwingine: baraza la kata, kisha la wilaya. Usikubali agizo la jukwaani likumalizie, hata likiwa la kukupendelea; nenda ukalipatie hukumu.

Anayekuonea ni mwenyekiti au diwani wa kambi iliyoshinda: ruka mlango wa kwanza na wa pili. Kama kuna uamuzi wa maandishi, anza kwa msaidizi wa kisheria, mhesabu pamoja siku zilizobaki kati ya ile miezi sita, ndipo mjue kama kuna nafasi ya kupitia Tume kwanza au mwende moja kwa moja Mahakama Kuu. Kama hakuna uamuzi wa maandishi, kazi ya kwanza ni kuutafuta, kwa ile barua fupi ya kuomba taarifa na muhuri wa masjala.